Bega la Ndahani

Vidole gumba vyangu ndivyo vilivyoniachisha kazi. Miaka yote niliyokaa nikirudisha mabega na magoti ya watu, viungo vya vidole hivi viwili vilikuwa vinalegea polepole bila kunipigia kelele, na sasa nikishika hata kikombe cha uji, gumba la kulia linahama mahali pake. Bwana Mganga, daktari wa Kizungu wa boma, alilitazama, akatikisa kichwa, akasema nimelitumia vya kutosha. Mtibu viungo aliyelegea viungo! Wapagazi niliotembea nao zamani wangesikia hilo wangecheka mpaka watue mizigo. Basi ninyi vijana mliobaki kwenye nyumba ya dawa karibu na stesheni mmeniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi. Tena mmeniuliza swali ambalo nimelikwepa tangu tulipofahamiana: kwa nini mgonjwa akija na bega, mimi namwambia avue viatu? Nitajibu, ila itabidi mnivumilie. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipewa kofia mpya waulizeni wengine.

Mimi ni Mrangi, nilizaliwa milimani Kondoa, nikashuka Ugogo nikiwa mpagazi wa nta. Reli ilikuwa bado, na kila kitu kilichokwenda Tabora au pwani kilikwenda juu ya bega la mtu. Siku moja mwenzangu aliteleza akivuka korongo, akaangukia mkono ulionyooka. Tulipomwinua, bega lake lililokuwa la mviringo lilikuwa limefanya kona, na chini ya ngozi palikuwa na shimo ambalo kidole kingeingia. Mnyapara alisema tumwache. Wakati bado wanabishana, alifika mtu mfupi aliyekuwa akichunga mbuzi, akaweka fimbo chini, akavua ndala, akakaa mchangani kando ya mgonjwa. Alimtia kisigino kwapani, akaushika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kuuvuta taratibu huku akimuuliza habari za safari. Mwenzangu alikuwa katikati ya kujibu bega liliporudi. Hakumaliza jibu.

Mtu huyo alikuwa Mzee Chilewa, Mgogo, aliyejulikana kote huko kwa kuunga mifupa. Mimi niliachwa nimwangalie mwenzangu mpaka apone. Yeye alipona, akaufuata msafara. Mimi sikuufuata. Kwetu Kondoa walidhani nimenaswa na msichana, na sikuwasahihisha, kwa sababu kusema nimenaswa na kisigino cha mzee kungeleta maswali zaidi.

Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kugusa mgonjwa. Nilishika mabega ya watu wazima wenye afya zao, ambao walinivumilia kwa heshima ya Mzee, na nilishika ya mbuzi. Akichinja, aliniita kabla ya wenye kuchuna, akalifungua bega la mbuzi mbele yangu. "Ona," aliniambia, "mfupa umekaa hapa kama yai kwenye kisahani. Kisahani hakizuii kitu. Kinachozuia ni huu mfuko, na kano hizi, na nyama. Mfuko ukishachanika mara moja, unajishona vibaya." Alinifundisha kuanza na upande mzima kabla ya ule mbovu, ili mkono wangu ujue huyu mtu kaumbwaje. Wapo waliozaliwa wamelegea mwili mzima, gumba linalala mpaka juu ya kifundo cha mkono, goti linapinda kinyume. Hao usiwafunge, wafanyishe kazi nyama zao zikaze. Na wapo ambao kiungo kimoja tu kimetolewa kwa nguvu. Hao uwafunge kwanza, kazi baadaye. Ukiwachanganya, utamharibu mtu ambaye angepona.

Kisha akanifundisha kipimo. Mnakijua, kwa kuwa Bwana Mganga naye anakitumia, na wala hawakufundishana. Mgonjwa anakaa. Unauinua mkono wake pembeni, kiwiko kimekunjwa, halafu unausukuma nyuma kidogo kidogo, kama wa mtu anayetaka kurusha jiwe. Bega lililopona litakubali. Bega linalotaka kutoka, mwenyewe atakukatalia kabla halijasogea.

"Hapo usitazame bega," Mzee aliniambia. "Bega halisemi kitu. Mtazame usoni. Mwenyewe anajua linataka kutoka, na uso wake utakuambia kabla hajafungua mdomo."

Na kweli, nyuso zilituambia. Wengi waliokuja walikuwa wapagazi waliochoka, watu wa kila kabila, wasio na sababu ya kuficha. Mmoja alipiga mayowe hata kabla Mzee hajamshika. Mzee alimwachia mkono, akasema, "Huyu haumwi bega. Huyu anaumwa mzigo." Alimpa siku chache za kulala, akapona kabisa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kibuyu cha mafuta ya nyonyo, mabanzi ya miti, na kanda za ngozi ya ng'ombe zilizolowekwa. Ngozi ikikauka hukaza. Ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake; ukimfunga mtu bila kuacha nafasi ya kidole, utarudi ukute mkono umevimba na vidole vimekufa ganzi. Wajerumani walipoanzisha nyumba ya dawa hapa niliajiriwa humo, nikafahamu bandeji na dawa ya usingizi, na nikawa nusu ya siku kwa Bwana Mganga, nusu kwa Mzee. Hawakugombana hata mara moja. Mwenye mfupa uliotoboa ngozi alikwenda kwa Bwana Mganga, mwenye kiungo kilichochoka alipelekwa kwa Mzee, na kila mmoja alimwulizia mwenzake kupitia kwangu.

Dawa kubwa ya Mzee kwa bega lililolegea, baada ya kulifunga na kulipumzisha, ilikuwa jiwe la kusagia. Alimpigisha mgonjwa magoti mbele ya jiwe, viwiko karibu na mbavu, asage uwele asubuhi na jioni. Hakuna kinachokaza bega vizuri kama hicho, nawaambieni. Wanawake walipona upesi. Mama mmoja wa Chamwino, ambaye bega lake lilimtoka kila akijitwisha mtungi, alisaga msimu mmoja tu, akarudi kutuletea kuku, na mtungi akiwa amejitwisha mwenyewe. Tabu ilikuwa kwa wanaume. Kusaga ni kazi ya wanawake, na wapo waliochagua kubaki na bega bovu.

Mzee alikuwa na kazi nyingine pia. Yeye ndiye aliyewasimamia vijana jandoni. Kila walipopelekwa porini kutahiriwa, yeye ndiye aliyewafundisha kuukabili wembe. Uso ukae kimya, ndivyo alivyowaambia. Usikunje paji la uso, usiume mdomo, usifumbe macho. Mtu akikutazama aone ukuta. Aliyekunja uso aliiaibisha kaya ya baba yake, na wimbo wa kumzomea uliimbwa mpaka awe na wajukuu. Alizifanya kazi zote mbili kwa uhodari, na katika miaka yote ile hakuna mtu, si mimi wala yeye, aliyeziweka pamoja akazitazama.

Ndahani alikuwa mwanawe wa mwisho, na ndiye pekee aliyebakia. Wakubwa wake walizikwa mwaka wa njaa. Alikuwa kijana mrefu, mwenye maskhara, aliyeniita kaka na kunicheka namna ninavyotamka Kigogo. Nilimpenda, nami sioni haja ya kulizungushazungusha hilo. Siku moja alishika pembe ya fahali aliyekuwa anataka kutoka zizini, fahali akageuza kichwa, na bega likamtoka. Baba yake alilirudisha palepale kwenye samadi. Alimfunga mkono kifuani, akamkataza kuufungua mpaka mwezi uandame mara mbili.

Kumbukeni hili: kijana likimtoka bega mara moja, tegemea litamtoka tena. Mzee likimtoka, huenda lisirudie maisha yake yote. Mzee Chilewa alilijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo kanda ilipofunguliwa alimwamuru mwanawe akasage.

"Baba, nisage kama binti?" Ndahani aliuliza.

"Saga ndani kwa mama yako. Nani atakuona?"

Alisaga. Kila asubuhi aliingia chumbani kwa mama yake, ndani kabisa ya nyumba ya tembe kusiko na mwanga, akapiga magoti mbele ya jiwe, na mama yake akakaa mkabala naye akipepeta. Nje tulimsikia akimwimbia wimbo wa wasichana ili amchekeshe.

Kiangazi kikawa kikali. Ninyi mnaokunywa maji ya stesheni hamjui kisima cha mchangani. Mto ukikauka, watu huchimba katikati yake mpaka wayafikie maji, na kadiri kiangazi kinavyozidi ndivyo shimo linavyozama, hata wanaume wanasimama kwenye vidato vilivyochimbwa ukutani mwa shimo, mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa huchota, humwinulia wa juu yake kibuyu juu ya kichwa, huyo humpa mwingine, hadi kwenye hori la ng'ombe. Kaya isiyotoa mtu kisimani, ng'ombe wake hawanywi. Hapana ubaya ndani yake, ndiyo desturi. Majirani walikuwa wameibeba kaya ya Mzee tangu Ndahani aumie, na yeye mwenyewe magoti yalikuwa hayashuki tena shimoni. Sasa waliokuwa vidatoni wakasema wamechoka: mwezi ukiandama, Chilewa alete mtu au aondoe ng'ombe. Kuwaondoa kwenda wapi, hakuna aliyesema, maana hapakuwa na maji kwingine. Na katika ng'ombe hao walikuwamo waliokwisha kuahidiwa wazazi wa msichana wa Msalato, mchumba wa Ndahani. Bega likipitishwa kuwa limepona, ng'ombe watakunywa na ndoa itafungwa. Lisipopitishwa, vyote viwili vinakwenda.

Mimi siku hizo nilikuwa nimepelekwa kambi ya reli, upande wa magharibi, ambako vyuma na mataruma, yale mapande yanayolazwa chini ya reli, yaliwavunja watu kuliko safari zote za wapagazi. Kilichotokea nimekisikia kutoka kwa Mzee mwenyewe. Alimkalisha mwanawe kwenye kigoda, uwanjani, mbele ya watu wa kisimani ili wasije wakasema amempendelea. Akauinua mkono pembeni. Akausukuma nyuma, taratibu, zaidi ya alivyowahi kumsukuma mgonjwa yeyote, na muda wote alimtazama mwanawe usoni. Uso ulitulia. Jicho halikupepesa. Ndahani hata alimtania mmoja wa waliosimama. Mzee aliuachia mkono, akasema, "Limepona." Aliniambia alifurahi siku hiyo kuliko alivyowahi kufurahi tangu njaa ile.

Niliporudi, Ndahani alikuja nyumba ya dawa kunipa habari.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Bega?"

"Baba kanipitisha. Kanipima mbele za watu wote."

"Na mwenyewe unalionaje?"

"Baba kasema limepona, kaka. We Mrangi utabishana naye?" Akacheka. Akaniambia nianze kutafuta kanzu ya harusi, kwani ile niliyokuwa nayo ingemtia aibu kwa wakwe. Nikamfukuza kwa kitambaa cha bandeji, naye akaondoka akiendelea kucheka. Ndivyo nilivyoonana naye mara ya mwisho akiwa hai.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali, mtu alipokuja mbio kutoka mtoni. "Kisima kimekula mtu," alisema, nami nikajua ni nani kabla hajamtaja. Ndahani alikuwa kwenye kidato cha kati. Alipokea kibuyu kutoka chini, akakiinua juu ya kichwa, akajinyoosha kumfikia aliye juu, na hapo ndipo bega lilipotoka. Kibuyu kikaanguka. Alijaribu kushika ukingo kwa mkono uleule, kwa mazoea, lakini mkono haukuwa na kitu cha kuushikilia. Alianguka, akauvunja ukuta wa mchanga, na mchanga ukamfuata. Wa chini yake alitolewa hai. Yeye tulimfukua kwa mikono na kwa vibuyu vilivyopasuka, na tulipompata alikuwa ameshakwenda. Bega lilikuwa limefanya kona.

Mzee alifika akiegemea fimbo. Hakuna aliyemzuia. Alikaa mchangani kando ya mwanawe, akavua ndala, akamtia kisigino kwapani, akashika mkono kwa mikono yake miwili na kuuvuta. Nyote mnajua kiungo kilicho hai hubisha; nyama hukaza, nayo hukuvuta, ndipo hukubali kwa kishindo. Hiki hakikubisha. Kiliingia kimya, kwa mvuto mdogo kabisa. Mzee alibaki ameushika mkono ule kwa muda, kana kwamba anangoja kitu. Kisha akaulaza kifuani, kama alivyoufunga mara ya kwanza.

Tulimzika kesho yake. Watu walimsifu Mzee kwa kujikaza kwake, kwa kuwa uso wake ulikuwa ukuta mtupu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nililia bila kujificha, na hakuna aliyenilaumu, pengine kwa kuwa ni mgeni.

Watu walipopungua niliingia kwa mama Ndahani. Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, jiwe la kusagia liko mbele yake, unga wa mwisho bado umo ndani. Nilimpa pole. Akasema:

"Alikuwa anaumia."

"Lini, mama?"

"Kila siku. Akisukuma jiwe mbele, vidole vya miguu vinajikunja, vinashika ardhi. Tangu mtoto alikuwa hivyo. Akichomwa mwiba, uso unacheka, vidole vinajikunja. Baba yake anamjua uso. Mimi namjua miguu."

"Ulimwambia Mzee?"

"Siku ya kumpima nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake. Ni mambo ya kisimani, mambo ya wanaume. Nani angeniita?" Alipitisha kiganja juu ya jiwe, akaukusanya ule unga, hakujua auweke wapi. Nikamkingia mikono yangu.

Baadaye rafiki wa Ndahani alikuja kusema kwamba bega lilikuwa limemtoka mara nyingine, ngomani, wakalirudisha wenyewe gizani na kuapishana wasiseme. Sikuweza kumkasirikia. Ndahani alitaka ng'ombe wanywe, na alitaka kuoa.

Nadhani mama Ndahani alimwambia mumewe, maana siku chache baada ya matanga Mzee alinijia nyumba ya dawa, amebeba kibuyu chake cha mafuta na kanda zake zote. Aliviweka juu ya meza ya Bwana Mganga, akaniambia ni vyangu.

"Nilimtazama usoni, Saidi," alisema. "Ule uso niliufundisha mimi. Kule porini, kwa fimbo, mpaka ukaelewa."

Nilivipokea vile vyombo. Hakugusa kiungo cha mtu tena. Vijana wa jando waliofuata walipata msimamizi mwingine. Ng'ombe walionusurika aliwapeleka kwa wazazi wa yule msichana, ingawa hakuna aliyewadai, nao wakawarudisha, naye akawapeleka tena.

Basi hilo ndilo jibu lenu. Mimi napima bega kama nilivyofundishwa, lakini mgonjwa namkalisha juu, bila viatu, mahali ninapoiona miguu yake. Uso mtu huuchunga, kwa sababu anajua unatazamwa. Miguu huisahau. Bwana Mganga aliponiuliza nilimweleza, naye tangu siku hiyo huvuta kiti nyuma kidogo kabla ya kupima. Tumewazuia wengi kurudi kazini mapema, na wengine walitutukana kwa hilo. Nanyi mtatukanwa. Waacheni watukane.

Niliandike la mwisho nimalize. Muda mfupi kabla sijaacha kazi, Mzee Chilewa aliletwa kwangu na goti. Amezeeka sana, na goti lilikuwa linamponyoka kila akiinuka. Alikataa kusaidiwa, akajikalisha mwenyewe. Akainama, akavua ndala, akaziweka kando kwa mpangilio.

"Usinitazame usoni," alisema.

"Sikutazami, baba."

Nilichuchumaa mbele yake. Alianza kuniuliza habari za Kondoa, za mvua, za wanangu mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti yake ileile ya siku tuliyokutana korongoni. Nilikuwa bado sijaligusa goti. Vidole vya miguu yake vyote vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania sakafu, na nilijua havikuanza kujikunja leo.